Uzi: Mtoto mdogo haumizwi na ukali wa mzazi, anaumizwa na kutojua leo mzazi kaamkaje

Mwalimu wa Awali

Wakuu, habari za majukumu.

Uzi wa juzi wa kuchapa watoto umefungwa kwa matusi kabla sijachangia, nimeona nifungue wangu. Kule kulikuwa na kambi mbili tu: "tulichapwa na tuko freshi" na "wazazi wa Kiafrika ni wakatili". Mimi nafundisha darasa la awali hapa Dar, watoto wa miaka mitatu mpaka sita. Nyie mnabishana juu ya malezi, mimi naletewa matokeo yake saa moja na nusu asubuhi, yamevaa soksi moja.

Saa nne tunakunywa uji. Kikombe kikidondoka, mtoto mmoja atakuja kunivuta gauni: "Ticha, uji umemwagika, tambara liko wapi?" Mwingine ataziba kichwa kwa mkono kabla hata sijageuka. Mwingine atasema "siyo mimi" na uji unamchuruzika kwenye viatu. Na yupo atakayeendelea kukaa akinitazama, anasubiri mtu aje afute, kwa sababu nyumbani kuna mtu wa kufuta. Kikombe kimoja hakimhukumu mzazi, watoto nao wana siku zao mbaya. Lakini ukiona jambo lilelile muhula mzima, unajua kwao kitu kikidondoka huwa kinafuata nini.

Aliyelifanyia hili kazi mpaka likajulikana dunia nzima ni Diana Baumrind, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Miaka ya 1960 aliwafuatilia watoto wa chekechea, akatazama wanavyocheza, wanavyogombana na wanavyojituma, halafu akawatazama wazazi wao. Akawagawa wazazi mafungu matatu. Kuna wa amri: nimesema, basi, usiulize. Kuna wa kuachia: mtoto ndiye anayepanga ale nini na alale saa ngapi. Na kuna mwenye masharti na maongezi kwa pamoja. Mwaka 1983 Eleanor Maccoby na John Martin wakaongeza fungu la nne, mzazi asiyekuwepo hata akiwepo: masharti hana, maongezi hana. Watoto wa huyo ndio hufanya vibaya kuliko wote karibu kila unapopima.

Hapa kuna jambo linapotoshwa sana. Yule mzazi wa tatu, ambaye watoto wake walijiamini na kujizuia kuliko wenzao, hakuwa mpole. Alikuwa anadai. Muda wa kulala ni muda wa kulala. Tofauti yake na wa amri ni kwamba mtoto akiuliza kwa nini anajibiwa, na akilia hafukuzwi. Kwa hiyo mtu akikuambia wataalamu wanataka tuwadekeze watoto, huyo hajawasoma.

Sasa hoja yangu, na mnaruhusiwa kuipinga. Kwa mtoto wa chini ya miaka sita, kabla hujauliza mzazi ni mkali au mpole, uliza kama mtoto anaweza kumbashiri. Nina mtoto darasani ambaye mama yake ni chuma. Hakuna pipi siku za shule, hakuna simu wakati wa kula, ukimpiga mwenzio unakaa pembeni. Jumatatu hivyo, Jumamosi hivyo. Mtoto wake ametulia, anacheka kwa sauti, akikosea anakuja kusema. Nina mwingine ambaye kwao Ijumaa akiruka juu ya kochi anarekodiwa, video inakwenda stetasi, watu wanacheka. Jumatatu akiruka juu ya kochi lilelile ni kandambili. Kochi ni lile, kuruka ni kulekule. Kilichobadilika ni kwamba Jumatatu mwenye nyumba amepiga simu ya kodi. Mtoto wa miaka minne hajui kodi. Hajifunzi kwamba kochi si la kurukia, anajifunza kumsoma mama usoni.

Na huyo darasani hachezi kwa raha. Anacheza jicho liko kwangu. Nikikohoa anaacha. Nikipaza sauti kumwita mtu aliye nje ya dirisha, analia. Akili iliyotakiwa kuhesabu vizibo iko doria.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, wakiwemo Elysia Davis na Tallie Baram, walitoa kazi inayogusa hapohapo. Waliwarekodi akina mama wakicheza na watoto wao wa mwaka mmoja. Walichopima ni mpangilio: ukijua mama amefanya nini sasa hivi, unaweza kukisia atakachofuatisha? Watoto wa akina mama wasiobashirika walipata alama za chini kwenye vipimo vya akili walipofika miaka miwili, na kumbukumbu dhaifu zaidi kwenye miaka sita na nusu. Wakafanya na panya pia. Panya aliyenyimwa matandiko ya kutosha ya kiota aliwahudumia wanawe kiasi kilekile, ila vipandevipande, anaanza, anaacha, anakimbia, anarudi. Wanawe wakakua na kumbukumbu mbovu. Msipite haraka hapo: yule panya hakuwa mama mbaya. Alikosa matandiko.

Karibuni. Matusi yabaki kulekule.

Dereva wa Fuso

Ticha umeandika vizuri, ila hayo ni ya wazungu na panya wao. Mimi nimekulia Makambako. Nimechapwa kwa mwiko, kwa mkanda, kwa fimbo niliyotumwa nikaikate mwenyewe. Ukileta nyembamba unarudishwa. Leo naendesha gari langu mwenyewe na sijawahi kulala sero. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Hawa watoto wenu wa kuelezwaelezwa ndio wanaowajibu wazazi mbele za wageni.

Kataa Ndoa wa Mbezi

Ndiyo maana mimi na watoto tunaonana kwenye sherehe za watu tu. Nimeweka kambi hapa, endeleeni.

Mwalimu wa Awali

Dereva, heshima yako. Hiyo ya kurudishwa ukalete nene naijua, sina haja ya kuhadithiwa.

Ila "mimi nilichapwa na niko sawa" haitufikishi popote, kwa sababu karibu wote tulichapwa. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 na kutolewa 2011 ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, wamepata ukatili wa kimwili kabla ya miaka 18. Kama fimbo ndiyo inayotengeneza watu, nchi hii isingekuwa na mwizi hata mmoja wa saitimira.

Na siyo kazi za ughaibuni tu. Mwaka 2014 Tobias Hecker na wenzake walichapisha matokeo ya watoto 409 wa shule ya msingi, hapahapa Tanzania. Karibu wote walikuwa wamewahi kuchapwa, nyumbani na shuleni. Walioonja zaidi ndio waliokuwa wagomvi zaidi, wasiotulia, na wasio na huruma sana kwa wenzao. Utasema mtukutu ndiye anayechapwa, siyo kwamba kuchapwa ndiko kunamfanya mtukutu. Hoja nzuri, na ukweli ni kwamba mambo yote mawili hutokea. Ndiyo maana kuna waliofuatilia watoto walewale kwa miaka. Mwaka 2013 Shawna Lee, Elizabeth Gershoff na mwenzao walitoa matokeo ya familia zaidi ya 3,000 za Marekani. Waliochapwa zaidi wakiwa na miaka mitatu walikuwa wagomvi zaidi kwenye mitano, hata ukishaondoa ugomvi waliokuwa nao mwanzo. Na mapenzi ya mama hayakuifuta tofauti hiyo. Kwa hiyo ile ya "nakuchapa kwa sababu nakupenda" mtoto haielewi kama tunavyodhani.

Sehemu moja nakupa. Mwaka 2005 Jennifer Lansford na wenzake walihoji mama na watoto jozi 336 katika nchi sita: China, India, Italia, Ufilipino, Thailand na majirani zetu Kenya. Mahali ambapo kuchapa ni jambo la kawaida, madhara yalipungua. Mtoto akiona kila nyumba ya mtaa wanachapa, hajioni kwamba yeye peke yake hapendwi. Lakini yalipungua tu. Huko nako waliochapwa zaidi walikuwa na wasiwasi na ugomvi zaidi.

Halafu ukatafute Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13. Haijamnyima mzazi haki ya kumrudi mtoto. Ila inasema marudi hayo hayakubaliki kama yamepita kiasi kwa umri na hali ya mtoto, au kama mtoto kwa udogo wake hawezi kuelewa lengo lake. Huyu wa mwaka mmoja na nusu anayepigwa kofi la mkono kwa kushika soketi, ameelewa lengo gani? Funika soketi. Kifuniko cha plastiki cha soketi ni bei ya soda.

Mama Mapacha

Ticha mimi sichapi na bado nachanganyikiwa. Wangu wana miaka miwili na nusu, wa kiume na wa kike. Wa kike hana shida. Wa kiume tukifika kwa Mangi anajitupa chini pale kwenye vumbi, watu wanatazama, bodaboda wanasema "mama mpe mtoto bwana". Naishia kumpa hiyo juisi ili tuondoke. Mume wangu ananiambia nimemdekeza. Sasa nimpige au nimwache? Maana hakuna wa katikati pale chini.

Mwalimu wa Awali

Mama Mapacha, kwanza mtoto wa miaka miwili na nusu kujitupa chini siyo kiburi. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi ya kujizuia ndiyo inayochelewa kukomaa kuliko zote, hata sisi wengine bado tunaisubiri. Anataka, hapati, mwili unalipuka.

Linalobaki ni unachofanya baada ya hapo. Kuna mtafiti wa Oregon, Gerald Patterson, aliyekaa ndani ya nyumba za watu akirekodi ugomvi wa wazazi na watoto, akaandika kitabu mwaka 1982. Alichokiona ni biashara. Mama anasema hapana, mtoto analia, mama anasema hapana kwa sauti, mtoto anajitupa, mama anatoa juisi, mtoto ananyamaza. Wote wawili wamelipwa: mtoto kapata juisi, mama kapata amani. Kesho wote watarudia njia iliyowalipa. Na mama akikubali siku moja tu kati ya kadhaa ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mtoto hajui ni kilio cha ngapi kitakachofungua mlango, kwa hiyo analia vyote.

Ninachowaambia wazazi wa darasani kwangu: amua ukiwa nyumbani, kabla hujavaa viatu. "Leo tunakwenda kununua chumvi. Juisi hatununui." Au "leo tunanunua juisi moja moja." Chochote ulichosema ndicho hichohicho mbele ya Mangi. Akijitupa, chuchumaa, mwambie "unaitaka juisi, leo hakuna", mshike asigongwe na pikipiki, subiri. Usihutubie. Mtoto anayelia hivyo hasikii sentensi ya pili. Siku za kwanza atalia zaidi kuliko kawaida, na hapo ndipo wengi wanaposalimu amri. Bodaboda waache waseme, hawalali naye.

Mama Mapacha

Kuchuchumaa na khanga moja mkononi na pacha mwingine mgongoni. Sawa ticha, nitajaribu.

Mkunga Mstaafu

Wanangu, nimewasoma. Mimi nimekaa kliniki ya mama na mtoto mpaka nimestaafu. Siku hizi kuna ile programu ya serikali, MMMAM, Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ilizinduliwa Dodoma Desemba 2021, inahusu mtoto kuanzia mimba mpaka miaka minane. Wanasema mambo matano: afya, lishe, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama, na malezi yenye mwitikio, yaani kumsoma mtoto anataka nini na kumjibu. Manne ya kwanza watu wanayaelewa upesi, chanjo na uji wa lishe unaviona. Hilo la mwitikio ndilo gumu kumweleza mama aliyetembea kutoka mbali, jua kali, foleni ndefu.

Mimi nilikuwa namuuliza mama swali moja tu huku napima uzito. "Huyu anapenda nini?" Wapo wanaokujibu mpaka unasahau mizani: anapenda kushika sikio langu akinyonya, hapendi kuogeshwa kichwa, akisikia adhana ananyamaza. Wapo wanaokutazama tu. Siyo kwamba hawampendi. Mwingine ana msongo, mwingine mume kaondoka, mwingine ni mtoto mwenzake huyo mama, ana miaka 16. Hao nilikuwa nawaandika pembeni, kadi yao naiwekea alama, wakirudi nakaa nao zaidi.

Mwalimu wa Awali

Bibi, shikamoo. Unajua ulichokifanya kwenye mizani kiliandikwa kitabu, na kilitokea jirani?

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikwenda Uganda na mumewe aliyepata kazi kule. Akatembelea vijiji vya karibu na Kampala, familia 26 za Waganda, watoto wachanga 28, anakaa sebuleni kwao na mkalimani, anatazama. Kitabu kilitoka 1967. Nadharia nzima ya mtoto kuwa na mtu wa kumwegemea, ambayo leo inafundishwa vyuo vyote, sehemu kubwa ya mizizi yake ni hapo Buganda, siyo Marekani. Dereva, hiyo nimekuwekea wewe.

Alikuta watoto wengine wanatambaa mbali, wanachunguza, wanageuka kumtazama mama, wanaendelea. Wengine wanalia hata wakiwa mapajani mwa mama. Akatafuta tofauti iko wapi. Haikuwa kwamba mama amesaidiwa na watu wengine kulea. Moja ya tofauti zilizojitokeza ni kwamba akina mama wa wale watulivu ndio waliokuwa wanamweleza habari za mtoto kwa undani bila kuulizwa sana. Wamemtazama mtoto mpaka wanamjua.

Na mimi naliona siku ya kuandikisha. Fomu ina mahali pa kuandika tabia za mtoto. Kuna baba mmoja fundi magari, mikono ina grisi mpaka amechafua fomu, akaandika mpaka nyuma ya karatasi: anaogopa mashine ya kusaga, ukimvalisha shati anza mkono wa kushoto. Kuna mwingine wa gari zuri akampigia simu dada wa kazi kuuliza mtoto ana mzio wa nini. Sisemi nani anampenda zaidi. Nasema nani mtoto wake akianza kunung'unika atajua ni usingizi au ni njaa.

Mkisii wa Nairobi

Niingilie kidogo kutoka huku. Hiyo ya mwitikio, wengi huielewa kuwa ni kumwongelesha mtoto muda wote. Msiifanye sheria. Mimi ni Mkisii. Robert LeVine na mkewe Sarah walikaa kwetu miaka ya 1970 wakisoma vile akina mama wanalea, kitabu kikatoka 1994. Mama wa Kisii hakuwa wa kupiga soga na mtoto mchanga wala kumkodolea macho. Mtoto akilia anabebwa haraka, ananyonyeshwa, ananyamazishwa. Kazi ya mama ilikuwa mtoto atulie, asiugue, aishi. Maneno alikuja kufunzwa na dada zake na wenzake wakishampokea. Na watoto walikua vizuri tu, wengine ndio hao madaktari na mawakili mnaowasikia. Mzungu akipima huyo mama kwa mizani ya Boston atasema ni baridi. Si baridi, amegawa kazi.

Halafu kwa wale wa sheria: huku Katiba ya 2010, kifungu cha 29, kimekataza kabisa adhabu ya viboko. Nyumbani bado watu wanachapa, lakini angalau mtoto akiumizwa hakuna mtu wa kusimama kortini aseme ilikuwa haki yake.

Mwalimu wa Awali

Mkisii, hilo nalipokea lote, na linanisaidia. Yule mama alikuwa habadiliki. Ukilia unabebwa, kila mara. Mtoto anahitaji kujua mlango upi anabisha na nani atafungua. Kama kwa mama ni titi na mgongo, na maneno ni kwa dada, mradi viwe palepale kesho.

Shida ya mjini ni kwamba tumebaki na baridi bila wale dada.

Dada wa Kazi Zamani

Naomba na mimi niseme maana naona mnamtaja dada kama jiko la gesi.

Nilianza kazi za ndani nikiwa na miaka 17. Nyumba ya kwanza mtoto alikuwa na miaka mitatu. Wazazi wanatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni, wanarudi saa mbili usiku. Mnaongea malezi ya mama na baba, aliyeshinda naye ni mimi. Nilikatazwa kumpiga, sawa, sikumpiga. Lakini nikimwambia "usimwage unga" anajibu "nitamwambia mama akufukuze". Jioni akimwambia kweli, mama ananigombeza palepale mbele yake. Kesho yake huyo mtoto anaamka bosi. Siyo kosa lake, kaona mwenyewe nani ana sauti. Halafu siku mama yuko nyumbani, mtoto akinijibu hivyohivyo anachapwa yeye. Alikuwa ananitazama kama ananiuliza, sasa leo imekuwaje?

Nilivyofukuzwa niliambiwa nifungashe usiku akiwa amelala. Walisema akiniona atalia. Dada aliyekuja baada yangu nilikutana naye sokoni, akaniambia huyo mtoto alikuwa anafungua kabati la jikoni kunitafuta, kwa sababu tulizoea kucheza kujificha humo. Akaanza kukojoa kitandani wakati alishaacha. Mama akamchapa kwa kukojoa.

Mkunga Mstaafu

Pole mwanangu.

Mwalimu wa Awali

Dada, asante. Ungefungua uzi huu wewe ungekuwa bora kuliko wangu.

Wazazi mnaosoma, someni tena pale kwenye kabati. Mtoto kurudia kukojoa, kurudia kunyonya kidole, kukataa chakula alichokuwa anakipenda, kung'ang'ania mguu wako mlangoni, mara nyingi kuna mtu wake ameondoka au kuna jambo limebadilika nyumbani. Darasani kwangu nikiona mtoto aliyekuwa sawa amebadilika wiki moja, swali langu la kwanza kwa mzazi ni "mmebadilisha dada?" Mara nyingi mno jibu ni ndiyo, na mzazi anashangaa nimejuaje.

Kubadilisha haikwepeki, hilo najua. Lakini muage mtoto mchana, macho makavu au yenye machozi. Dada amwambie mwenyewe "naenda kwetu, hujanikosea." Kama inawezekana wa zamani na mpya wakae pamoja siku kadhaa. Na kama umempa dada mtoto wako saa kumi na tano, mpe na mamlaka ya mambo mawili matatu ambayo hutayatengua mbele ya mtoto. Ukiwa na la kumwambia dada, mwambie jikoni.

Baba wa Goba

Na akina baba je? Mke wangu silaha yake ni moja, "ngoja baba yako aje". Nikifika saa tatu usiku nasomewa mashtaka kabla sijavua tai. Mtoto ana miaka minne. Siku hizi akisikia geti anakimbilia chumbani. Nilikuwa nadhani ni heshima.

Mwalimu wa Awali

Baba wa Goba, amemwaga maji saa tano asubuhi, wewe unamhukumu saa tatu usiku. Kwa mtoto wa miaka minne hizo ni zama mbili tofauti. Hawezi kuunganisha. Anachounganisha ni geti na maumivu. Zungumza na mkeo, kosa la mchana liishie mchana, kwa adhabu ndogo na ya papo hapo: aliyemwaga anafuta, aliyetupa anaokota, aliyempiga mwenzie anatoka mchezoni kidogo. Wewe ukifika ushike jambo moja ambalo ni lako kila siku, hata kama ni dakika kumi. Kumwosha miguu tu inatosha. Mkeo naye usimlaumu, na yeye anataka mtu wa kumpokea mzigo.

Dereva wa Fuso

Ticha narudi. Fimbo tuache kwanza. Mimi nasafiri, Tunduma, saa nyingine mpaka Lubumbashi, mpakani foleni naweza kukaa sana. Wa mwisho wangu ana miaka mitatu. Nikirudi ananiogopa, anajificha nyuma ya mama yake, na nimemletea gari la kuchezea. Nikimvuta nimbebe analia. Mama yake anasema huwa natoka alfajiri amelala, akiamka ananitafuta chini ya kitanda. Hilo la kabati limenikalia vibaya.

Mwalimu wa Awali

Usimvute. Ukifika, salimia watu wengine, kaa chini, mkekani kama mkeka upo, weka hilo gari karibu yako uwe unalisukuma mwenyewe. Atakuja kwa muda wake, huenda ni baada ya nusu saa, huenda ni kesho. Mtoto akikununia si kwamba hakutaki, anakupima kama utabaki.

Ukiwa njiani piga simu saa moja ileile, kabla ya kulala. Dakika mbili zinatosha, umuulize alichokula. Penye mtandao mbovu rekodi sauti mapema, mama yake amchezee. Na siku ya kuondoka usitoroke. Mwambie jana yake, "kesho baba anaenda na gari, nitarudi." Asubuhi muamshe, muage. Atalia, na wewe utaondoka na kilio kichwani mpaka Chalinze. Lakini atakuwa ameona ulivyoondoka, hatakuwa na sababu ya kukutafuta chini ya kitanda.

Dereva wa Fuso

Alhamisi napakia mzigo. Jumatano nitamwambia.

Kwenye fimbo bado tuna kesi mimi na wewe.